Mlingoti Sebuleni

Ukitaka kujua Marekani ni nchi ya namna gani, usiende New York kupiga picha. Njoo Madison, Wisconsin, mwezi wa kwanza, ukiwa na kipande cha chuma kilichokatika, kisha tafuta fundi. Utazunguka mpaka soli zilie.

Nasema kwa uchungu. Nchi iliyopeleka watu mwezini haina mtu wa kunikunjia bapa la stenlesi la ukubwa wa kiganja. Wa kuniuzia jipya yupo. Wa kuniuzia mashua nzima yupo. Wa kunikopesha fedha za kununulia hiyo mashua nzima yupo, na anapiga simu mwenyewe wakati wa chakula cha jioni. Wa kukunja bapa, hakuna.

Nieleze kwanza hiyo mashua, maana huko nyumbani mtu akisikia mashua anawaza maji. Hii ikigusa maji, tandikeni mikeka. Ni mashua ya barafuni. Kiwiliwili chake ni boksi jembamba la mbao ambamo mtu hulala chali, miguu mbele, kichwa kimeinuka kidogo aone anapokwenda kufia. Chini kuna ubao uliokingama, na kila ncha ya ubao imefungwa chuma kirefu chenye makali. Chuma cha tatu kiko omo, nacho ndicho usukani. Juu kuna mlingoti na tanga moja. Breki ya kutegemea haina. Ukitaka kusimama, unaielekeza uso kwa uso na upepo na kumwomba Mungu.

Na inakimbia kuliko upepo unaoisukuma, mara tatu, hata nne. Hilo mwanzoni nilidhani ni uongo wa wazee wa huku, mpaka nikaelezwa: barafu haikwamishi kitu, basi mashua ikishaanza kwenda inajitengenezea upepo wake wa mbele, huo unajumlika na ule wa kweli, tanga linapata nguvu zaidi, na wewe uliyelala mle ndani unaanza kukumbuka madeni yote uliyokuwa hujalipa.

Mashua ilinifikiaje? Kwa sababu ya ramani. Jirani yangu wa nyumba ya pili ni mzee wa miaka themanini na ushee, na mgongo wake umekataa katakata kulala kwenye mbao. Aliposikia natoka Pangani akatazama ramani, akaona Pangani iko ufukweni, akahitimisha kuwa mimi ni nahodha. Nikamweleza kuwa baba yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge, na mimi baharini nilikuwa naingia kuoga tu. Hakusikia. Mashua ikahamia kwenye gereji yangu, gari la mke wangu likahamia nje kwenye theluji, na mke wangu akahamia kwenye kununa.

Basi nikawa mwenye mashua. Watu wa huku wana msimu wao, na msimu wenyewe hauna adabu. Ziwa Mendota, lililo pua na mdomo na katikati ya mji, linaweza kuganda usiku mmoja likawa jeusi, gumu, laini, la kuona majani chini yake. Hapo ndipo wenye mashua wote wanaugua ghafla maofisini. Wanasubiri barafu ifike unene wa kubeba mtu na mashua yake, wanatoboa tundu na kupima kwa rula, kisha wanakimbizana kabla theluji haijashuka. Theluji ikishajaa juu ya barafu, mchezo umekwisha, kwa sababu vyuma vinazama kwenye theluji na mashua inakuwa benchi.

Siku ilipovunjika, barafu ilikuwa ya aina hiyo nyeusi. Nilikuwa naenda zangu, upepo wa kiasi, machozi yanagandia kwenye miwani, nikasikia "tak!" juu ya kichwa. Mlingoti ukalala ubavuni, tanga likanifunika gubigubi, mashua ikateleza yenyewe mpaka ikachoka. Watu walikuja mbio. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Wote waliinamia mlingoti. "Sprusi iko nzima," akasema mmoja, yaani mbao ya mlingoti, na wenzake wakashusha pumzi kama waliopokea habari njema kutoka chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa bado chini ya tanga.

Kilichokatika ni kile chuma cha juu mlingotini kinachoshika waya tatu: mmoja wa kwenda omo, na mbili za kwenda kwenye ncha za ule ubao uliokingama. Msomaji elewa kwamba mlingoti wa mashua hizi haukupandwa kwenye mwashiri kama wa jahazi. Umekalishwa juu ya kigololi cha chuma tu, ili uweze kugeuka na tanga. Kinachousimamisha ni zile waya tatu, na kinachoshika waya tatu ni hicho chuma kimoja. Kikifa, vyote vimekufa.

Tulikiweka chini ya taa, mimi na mzee, naye akatoa kioo chake cha kukuzia. Lilikuwa bapa la chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, limekunjwa kuzunguka mlingoti, na masikio matatu ya kupokea waya. Sikio moja lilikuwa limechanika kutokea kwenye pembe. Na pembe yenyewe ilikuwa ya mraba, kali, imekatwa kwa msumeno na kuachwa hivyo hivyo. Mpasuko ulianzia palepale. Nusu ya jeraha ilikuwa na rangi ya kahawia, maana yake kutu ilishaingia humo misimu mingi. Nusu ya pili ilikuwa inang'aa, mpya, ya siku hiyo. Kwa hiyo chuma kilikuwa kinakatika polepole tangu enzi za mtu mwingine, kikasubiri nilale mimi ndani ndipo kimalizie.

Mzee hakushangaa. Chuma cha kawaida, akasema, kikipigwa na baridi kali kinasahau kupinda, kinavunjika tu. Stenlesi haina tabia hiyo. Tena sikio lazima likunjwe lielekee hasa kule waya unakoelekea. Likiwa limepinda hata kidogo upande mwingine, kila upepo unalitikisa, linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, mpaka siku moja. Nikamuuliza aliyekiweka chuma kile ni nani. Akasema ni mtu aliyemuuzia mashua, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Na mimi nikasema Mungu amrehemu, lakini kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo safari ya dukani ilipoanza. Duka la vifaa nililokwenda ni kubwa kuliko soko la Pangani na stendi yake. Lina mashine ya kukatia nyasi unayokalia na kuendesha. Lina ukuta mzima wa vishikio vya vikombe. Kijana aliyenihudumia alitabasamu vizuri, akaniuliza, "Ni modeli gani?" Nikamwambia haina modeli, ilichongwa na mtu kwenye karakana yake zamani kidogo. Akaandika kwenye kompyuta. Kompyuta ikamwambia hakuna. Akanigeukia kwa huruma ya kweli, akanishauri ninunue mpya. Nikamuuliza mpya ya nini, ya chuma au ya mashua? Akasema, "Vyovyote."

Na bolti! Bolti za stenlesi zinauzwa kwenye pakiti ya mbili. Mimi nilitaka tano. Halafu vipimo vyao: inchi 5/16, inchi 3/8, inchi 7/16. Kwetu spana ni namba 10, namba 13, namba 17, hata mtoto anajua kubwa ni ipi. Huku mtu mzima mwenye mvi unasimama katikati ya duka ukitafuta kigawe cha shirika, na nyuma yako kuna foleni. Nilidhani sehemu nimeachana nazo darasa la sita.

Nikaenda kwa wachomeleaji. Karakana safi, sakafu imepakwa rangi, mitungi ya argoni imepangwa mstari. Nikawaonyesha. Wakakipokea, wakakigeuza, wakasema ni kazi ndogo sana. Moyo ukatulia. Kisha mmoja akauliza ni cha nini. Nikasema ni cha mlingoti wa mashua ya barafuni. Wakatazamana. Wakanirudishia. Bima hairuhusu, wakasema; kikikatika mtu akaumia, tutashitakiwa. Nikawaambia kimeshakatika na sijamshitaki yeyote, aliyekitengeneza yuko kaburini. Haikusaidia. Wakaniambia ningesema ni cha rafu ya vitabu wangekichomelea.

Nilikumbuka Gerezani, pale Dar es Salaam. Pale ukiingia na chuma kilichovunjika, hujamaliza kueleza, mtu ameshakichukua, mwingine ameshawasha mashine, wa tatu anakuuliza unataka kiwe vilevile au kiwe kizuri zaidi. Bei mtapigania baadaye. Bima yako ni kwamba unajua anapokaa.

Mzee, yeye, hakuwa na haraka. Kwenye gereji yake kuna makopo ya bolti, kila kopo na karatasi yake iliyoandikwa kwa penseli, na jiriwa ya babu yake. Shida ya mzee ni kwamba ukimwomba spana anakupa kwanza historia. Spana ya kwanza nililipia kwa hadithi ya DN, maana mashua yangu ni ya aina hiyo, na herufi hizo mbili ni za gazeti, Detroit News. Mwaka 1937 karakana ya useremala ya gazeti hilo iliwasaidia wasomaji wake kujichongea mashua ambayo mtu wa kawaida angeimudu: kiwiliwili futi 12, ubao wa kukingama futi 8, mlingoti futi 16, tanga futi za mraba 60. Leo ndiyo aina yenye mashua nyingi kuliko zote duniani, wanashindana nayo mpaka Poland na Estonia. Mimi nimesimama na tochi, vidole havina habari, namsikiliza. Nikafikiria magazeti yetu: nikiwaandikia wasomaji jinsi ya kuchonga mashua, mhariri atanipigia simu kuuliza kama naumwa.

Tupa ya mviringo ilinigharimu akina Roosevelt. Kabla ya DN, mashua hizi zilikuwa mchezo wa matajiri wa Mto Hudson. John Roosevelt, baba yake mdogo Franklin aliyekuja kuwa rais, alikuwa na moja iitwayo Icicle, urefu wake zaidi ya futi 68, tanga lake zaidi ya futi za mraba 1,000. Mwaka 1871 ilishindana na treni ya Chicago iliyokuwa ikipita kandokando ya mto, ikaishinda. Franklin naye alikuwa na yake, Hawk. "Na vyuma vyao vya mlingotini walitengenezewa na nani?" nikauliza. Mzee akasema na mhunzi wa kijijini, bila shaka. Nikamwambia basi nipatie huyo mhunzi, historia nimeshiba.

Huku chuma kikisubiri fundi, mbao nazo zilikuwa na kesi yake. Mlingoti una uwazi ndani. Umeundwa kwa mbao nyembamba za sprusi zilizounganishwa kwa gundi. Skrubu za zamani zilikuwa zimechakaza matundu yao, na ukiingiza ncha ya kisu inazama bila ubishi. Dawa yake ni kusafisha matundu hadi kwenye mti wenye afya, kuyaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na epoksi, kisha kutoboa upya. Sasa kopo la epoksi niliyonunua lilitaka joto la nyuzi 15 kwenda juu ndipo ishike. Gereji yangu siku hiyo ilikuwa nyuzi 12, ila upande wa chini ya sifuri.

Kwa hiyo mlingoti uliingia ndani ya nyumba. Futi 16 ni karibu mita tano. Sebule yetu haina mita tano. Ulianzia jikoni kando ya friji, ukapita koridoni kwenye kiuno cha mtu mzima, ukaishia sebuleni mbele ya televisheni. Salama, binti yetu, aliuruka kwenda shule na akauruka kurudi. Wageni wa Jumapili walining'iniza makoti juu yake, wakasifu ubunifu. Harufu ya epoksi ikachanganyika na ya pilau, na hakuna aliyeongeza sahani ya pili. Mke wangu alisimama upande wa jikoni, mimi nikiwa upande wa sebuleni, mlingoti katikati yetu, akaniuliza kwa upole ambao nauogopa: "Baba Salama, tunasafiri lini? Maana naona jahazi limeshaingia ndani."

Nilitaka kumpa jibu, nikaona nimpigie mjomba kwanza, simu ya video. Mjomba wangu wa Pangani ndiye baharia wa kweli katika ukoo, ana ngalawa tangu sijazaliwa. Mzee naye alikuwepo, amekuja kukagua epoksi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kilicholala nyumbani mwako ni nini?"

"Mlingoti, mjomba. Wa mashua ya barafuni."

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Barafu hii ya kuwekea samaki?"

Nikamweleza yote, na chuma kilichokatika nikamwonyesha. Akakitazama sana kwenye simu yake. "Mnaweka chuma ili iweje? Funga kamba. Kamba ikichoka unaiona inavyokatika uzi mmoja mmoja, unaibadilisha. Hicho kimekuficha."

Nikamtafsiria mzee. Mzee akacheka kwa dharau ya heshima, akasema kamba inavutika, na mlingoti wa kasi ile ukilegea kidogo tu unajirusha wenyewe kutoka kwenye kigololi. "Muulize mjomba wako mashua yake inakwenda kilomita ngapi kwa saa."

Nikauliza.

"Mwambie," akasema mjomba, "yangu inarudi na samaki."

Hilo sikulitafsiri lote. Ujirani una mipaka yake.

Fundi alipatikana mwishoni, na hakupatikana dukani wala kwenye kompyuta. Ni mtu wa Mexico anayetengeneza matrela nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji. Nilielekezwa na mwenzangu wa kazini. Nilimkabidhi chuma, na kabla sijafika kwenye neno "bima" alikuwa ameshachukua chaki na kuanza kuchora. Nilitaka kumkumbatia. Alitafuta kwenye mabaki yake bapa la stenlesi la unene wa inchi 1/8, akalikata, akazungusha pembe zote, akazipitisha tupa mpaka kidole hakikwami popote. Masikio aliyakunja moja moja kwenye jiriwa huku mimi nikishika uzi kumwonyesha waya unakoelekea. Hakuchomelea hata mahali pamoja. Alinieleza kwa mikono, maana Kiingereza chetu sote ni cha mkopo, kwamba kando ya mchomeleo ndipo chuma hupenda kukatikia, basi akikunja vizuri hana sababu ya kukichoma. Akataja bei, nikapunguza kidogo, akakataa kidogo, tukaelewana. Nilijisikia nyumbani kuliko siku nyingi.

Kukifunga ilikuwa kazi ya mimi na mzee. Hapo tulitia bomba fupi za chuma ndani ya matundu, za kupitishia bolti, ili nati ikikazwa isiuponde mlingoti wenye uwazi ndani. Chini ya bapa tukapaka epoksi isiache nafasi ya maji. Mzee alikaza nati ya mwisho mwenyewe, akaisikiliza. Ndiyo, aliisikiliza, sikio kwenye mlingoti, macho amefumba. Sijui alisikia nini. Akasema, "Tayari," na mke wangu akafungua mlango wa nje kabla hajamaliza kusema.

Usiku ule ukashuka theluji. Theluji nene, ya utulivu, isiyo na habari na mtu, ikaifunika Mendota yote kutoka Chuo Kikuu mpaka ng'ambo. Nilimfuata mzee nikitegemea atalia na mimi. Alikuwa anakunywa kahawa. Akaniambia ziwa hili wanaliandikia tarehe za kuganda na kuyeyuka tangu karne ya 19: msimu wa 1880–81 liliganda siku 161, na wa 2001–02 siku 21 tu. Barafu inapungua, akasema, na barafu nzuri ndani ya hiyo inayopungua ni siku za kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana chuma kinatengenezwa kiangazi.

Kiangazi! Wiki zote hizo amenishikisha tochi, hakulitaja neno kiangazi hata mara moja.

Mashua iko gereji, chuma chake kinang'aa kuliko chochote nilicho nacho, gari la mke wangu liko nje chini ya theluji, na mimi ndiye ninayelifukua kila alfajiri. Msomaji unayetaka kuja kuipanda, karibu sana mwezi wa kwanza mwakani. Njoo na koti lako, njoo na kofia ya pikipiki, na ukifika, tafadhali, mbele ya mke wangu usitaje neno mlingoti.